Herufi Peku

Watu walipomwona Mama Rula akishuka ngazi za jengo la utawala, walinyamaza kwanza ndipo wakamwamkia. Si kwamba alikuwa na cheo. Alikuwa karani tu, mlango wake ulikuwa wa mwisho kabisa ukumbini, ukishapita stoo ya mafagio, na kiti chake kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa waya. Lakini hakuna mwanafunzi wa shahada ya juu aliyewahi kuvaa joho chuoni pale bila tasnifu yake kulala kwanza juu ya meza ya karani huyo. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa sura. Hoja za ndani hakuzigusa. "Hoja hata mlevi anazo," alikuwa akisema. "Mimi nataka kujua kama ulinawa mikono kabla hujaziandika."

Alichokiwinda zaidi ya vyote ni michoro. Chuo kile kiliandika tasnifu zake kwa LaTeX, programu ambayo mwandishi hutoa maneno na amri tu, kisha yenyewe hupanga ukurasa, kama mpanga herufi wa zamani aliyefungiwa ndani ya mashine. Kurasa zake zikitoka huwa safi. Balaa lilikuwa pale mwanafunzi alipochora grafu kwenye programu nyingine akaileta kama picha, akaibandika katikati. Maneno ya ukurasa yana herufi zenye viatu, ndivyo Mama Rula alivyoziita zile zenye vikanyagio vidogo miguuni. Ndani ya mchoro mna herufi peku, zisizo na kitu mguuni, tena picha imeminywa ili itoshe, na herufi zimeminywa nayo hadi zikawa kama sisimizi waliokanyagwa. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliiandika mwenyewe katika Mwongozo wa chuo: mchoro uchorwe kwa upana uleule utakaokaa, usivutwe wala usiminywe, na maneno yaliyomo yaandikwe na waraka wenyewe, kwa herufi zilezile za matini. Ili mtu asiseme hakuelewa, alichora mfano, grafu ya maji yakichemka, ikawekwa ukurasa mzima. Wanafunzi waliuita mchoro ule "bibi harusi," maana haukuwa na doa.

Chombo chake cha kukagulia kilikuwa kipande cha plastiki angavu kilichochapwa herufi za matini. Alikilaza juu ya mchoro, akainua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kama herufi zinalaliana.

"Haya, bwana harusi amevaa suti," alimwambia siku moja mhandisi mmoja mwenye kitambi, akigonga ukurasa kwa ukucha. "Tai iko, viatu vinang'aa. Hawa wapambe wake vipi? Wametoka kukanyaga udongo?"

"Mama, hizo ni lebo tu za grafu."

"Lebo tu. Na wewe ni mhandisi tu. Kachore upya."

"Mama, nasafiri kesho."

"Safari njema."

Mhandisi alisafiri bila cheti. Ukumbi mzima ulicheka, na aliyecheka sana ni yule ambaye zamu yake ilikuwa ikifuata, maana mkuki kwa nguruwe ni mtamu.

Ukali ule hakuuokota barabarani. Baba yake alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile herufi zikiwa vipande vya madini ya risasi unavyovishika kwa vidole na kuvipanga kimoja kimoja, kinyumenyume, mstari hadi mstari. Binti alikuwa akiketi chini ya meza akirudisha herufi zilizotumika kwenye visanduku vyake. Akikosea, akaitupia herufi ya familia moja katika kisanduku cha familia nyingine, herufi ile ngeni ingekuja kuibuka katikati ya neno la watu, na baba yake angeitwa mbele ya mwenye kiwanda. Hivyo baba alimpiga vidoleni kwa rula ya chuma. Hakumpiga kwa hasira. Alimpiga kama mtu anayegonga msumari uliolegea. "Mgeni asiyepiga hodi," alimwambia, "hata akiwa na sura nzuri ni mwizi."

Siku hizo kosa lilikuwa na mwenyewe. Leo kosa ni la mashine, na mashine haina mama wa kutukaniwa. Kiwanda kilipofungwa, zile herufi ziliuzwa kama chuma chakavu, zikayeyushwa, zikawa betri za magari. Baba alirudi nyumbani na rula tu. Alipokufa, rula ikawa ya binti. Binti akaingia chuoni kama mpiga chapa, akajifunza kompyuta kwa kuchungulia mabega ya watu, akajifunza LaTeX kwa kurasa zilizotupwa kwenye kapu la taka, mpaka akakalia kile kiti chenye waya. Hakuolewa. Hakuzaa. Waliotaka kujua kwa nini walijibiwa kwamba hajaona mwanamume ambaye juu na chini yake vinaendana.

Basi macho yakaanza kumhama. Yalimhama kama mpangaji mjanja, anayetoa vyombo kimoja kimoja ili mwenye nyumba asishtuke. Kwanza lilikuwa doa dogo la kijivu katikati ya kila alichokitazama. Akifuta miwani, doa liko. Akitazama mlango, kitasa hakipo. Akitazama mtu, masikio yapo, uso haupo. Kandokando aliona vizuri, ndiyo maana alitembea bila kujikwaa na hakuna aliyemshuku. Daktari wa macho alimwambia kiini cha jicho kimechakaa, na kilichokwenda hakirudi.

"Kazi yako ni ipi, mama?"

"Napika," alidanganya, akachukua mkoba wake akaenda zake kazini.

Alijua fika kinachomngoja. Siku watakapogundua, kiti kitakwenda, na bila kile kiti yeye ni bibi mmoja asiye na mtu, mwenye rula ya chuma. Kwa hiyo alikaa akapiga hesabu zake. Akipitisha tasnifu mbovu, itajulikana, maana itajaladiwa na kuwekwa maktaba mbele ya macho ya watu. Lakini akikataa tasnifu nzuri, nani atajua? Akaanza kukataa.

Na maajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika. Mtu alirudishiwa kazi isiyo na kosa, akaenda akahangaika nayo, akaichapa upya vilevile, akairudisha. Mama Rula akalaza plastiki yake, akainua ukurasa dirishani, akagumia, akagonga muhuri. "Kweli, Mama," walimwambia, "sasa naona tofauti!" Madaktari wa falsafa wa kesho hao. Hapo ndipo alipowadharau kuliko siku zote alizokuwa akiona.

Ila hakuweza kuwakataa wote, angeshtukiwa. Ilibidi achague, na kwa kuwa hakuona herufi, alichagua kwa sikio. Aliyeingia akisalimia kwa sauti ya kukaza, huyo kazi yake ni safi, alimpitisha. Aliyeingia akitetemeka, huyo anajua alichoficha. Sauti haivai viatu vya kuazima, alijiambia. Akaiamini kanuni hiyo kama alivyoiamini rula.

Mwaka huo alikuja mwalimu mmoja wa kemia. Alikuwa mtu mzima, mpole, amefundisha sekondari muda mrefu, na alikuwa ameahidiwa ukuu wa chuo cha ualimu mara tu shahada yake itakapotoka. Mwalimu huyu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni.

"Shi-shi-shikamoo, Mama. Ni-nimeleta ka-ka..."

Mama Rula alikwisha kukata shauri kabla kazi haijagusa meza. Akafuata taratibu zote, plastiki, dirisha, kugumia. "Michoro ya sura ya nne yote ni peku. Rudi ukaivishe."

Mwalimu akarudi nyumbani. Akaichora upya yote. Akairudisha, na safari hii, kwa woga, kigugumizi kilikuwa kimezidi. Ikakataliwa. Alipokuja tena alikuwa amekonda, na hakuitoa tasnifu mkobani.

"Mama, ni-nionyeshe kosa. Mo-moja tu."

"Nikikuonyesha, shahada tuiandike kwa jina langu?"

"Na-nafasi yangu ya kazi i-ina..."

"Mwalimu, wanafunzi wako huwa wanamaliza somo au kengele huwa inawaokoa?"

Watu wa foleni walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu alicheka nao kidogo, kama mtu anayemlipia mwenzake nauli asiyodaiwa. Mwezi ule ukuu wa chuo cha ualimu ukapewa mtu mwingine.

Meza ya pili katika chumba kile ilikuwa ya binti wa kaka yake. Kaka alipofariki, Mama Rula alimchukua msichana, akamlea, akamsomesha, akamfundisha kazi kwa rula ileile juu ya vidole, kisha akamtafutia nafasi ya kupokea tasnifu na kuandika risiti. Nyumbani, binti ndiye aliyemsomea shangazi yake magazeti na dawa, kwa kisingizio kwamba macho ya mzee yamechoka na kazi. Binti hakuuliza. Katika nyumba ile maswali yalikuwa na bei.

Siku mwalimu alipokejeliwa, binti alimfuata nje, akamwomba ile kazi, akakaa nayo kwenye ngazi. Alitazama mchoro baada ya mchoro. Herufi zote zilikuwa na viatu, zote kimo kimoja na za matini. Akaomba na nakala ya kwanza. Nayo ilikuwa hivyohivyo.

Jioni ile walikuwa jikoni. Binti anakata vitunguu, shangazi ameketi kwenye kigoda akichambua mchele kwa vidole, bila kuutazama.

"Shangazi, ile kazi ya mwalimu wa kemia ina kosa gani?"

"Ina kosa lake."

"Lipi?"

"Ukishajua kuona utaliona."

"Nimeitazama yote. Mimi naona haina."

Vidole vya mzee vikasimama ndani ya mchele. "Ulikuja hapa na gauni moja mwilini. Nimekulisha, nimekusomesha, nimekupa meza. Leo unanipima macho?"

Kisu nacho kikasimama. "Mimi sijataja macho, Shangazi."

Sufuria ilikuwa ikichemka, na hakuna aliyeiendea. Pale angeweza kusema. Binti alikuwa damu yake, jiko lilikuwa lao wawili, hapakuwa na foleni ya kuchekesha. Angesema tu, mwanangu, sioni, nishike mkono, na huenda wangekaa miaka wakifanya kazi ile kwa jicho moja la kuazimana. Lakini mtu aliyelelewa kwa rula hajui kunyoosha kiganja ila anapotaka kupigwa.

"Kama umempenda huyo kigugumizi wako, mwambie," alisema. "Ila muanze asubuhi. Mpaka amalize kukuposa, jua litakuwa limezama."

Binti akarudi kwenye vitunguu vyake. Alilia, lakini mbele ya vitunguu nani atajua.

Kesho yake alikwenda kwa Mkuu wa masomo ya juu, akafunga mlango nyuma yake. Mkuu alikuwa kijana mwenye manukato mengi, ambaye tasnifu yake mwenyewe iliwahi kurudishwa na Mama Rula enzi mzee akiona, tena kwa haki kabisa, na hakusahau. Alimsikiliza binti mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: baada ya shangazi, nani anaifahamu kazi ile? Binti akasema, mimi. Je, alikwenda kule kwa ajili ya mwalimu, au kwa ajili ya kiti? Hakujiuliza, na Mkuu hakumuuliza.

Tangu siku hiyo, nyumbani sauti ya binti ikawa tamu. Alimsomea shangazi gazeti mpaka matangazo ya vifo. Alimkanda magoti. Mama Rula aliupokea utamu ule kama haki yake, akafikiri maneno ya jikoni yamemwingia msichana. Yeye aliyewajua watu kwa sauti hakuijua sauti ya kikulacho kilicho nguoni mwake.

Kikao cha kamati kilifanyika asubuhi, madirisha wazi, maprofesa wamezunguka meza ndefu. Mama Rula aliitwa, akaja na plastiki yake na rula yake, akapewa kiti cha mbele. Alifurahi. Alidhani wanataka kumwongezea msaidizi.

"Mama," Mkuu alisema, "kuna ukurasa hapa umetugawa. Wengine wanasema mchoro ni mzuri, wengine wanasema hapana. Tumeona hakuna hakimu ila wewe."

Karatasi ikateleza mezani ikamfikia. Aliinua. Katikati palikuwa na kijivu, pembeni palikuwa na weupe. Alitega sikio amsikie mwenye kazi anavyopumua, lakini hapakuwa na mwenye kazi, kulikuwa na watu waliobana pumzi. Akalaza plastiki. Akainua dirishani. Alichukua muda wake. Ukumbi mzima wa wasomi unamngoja yeye, binti wa mpanga herufi, na mzee akajisahau kidogo kwa raha.

"Huu mmeniletea nini?" alisema. "Herufi za mchoro ziko peku, tena zimeminywa. Aliyechora hiki kitu hana haya wala hana mwalimu. Mwambieni akasome Mwongozo."

Profesa mmoja alianza kucheka puani. Mwingine akamfuata, kisha meza nzima ikalipuka, mmoja akapiga kiganja mezani hadi glasi zikaruka. Mama Rula naye alitabasamu, akidhani wanamcheka mchoraji.

"Mkaguzi," alisema Mkuu, na hakuwa anacheka, "soma kichwa cha ukurasa, tafadhali."

Hakusoma.

"Soma tu, Mama. Ni maneno makubwa."

Alisogeza karatasi kulia, akaisogeza kushoto, akijaribu kuyakamata maneno kwa ukingo wa jicho, kama mtu anayetafuta kuku gizani. Rula ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

"Binti," Mkuu alisema, "msomee shangazi yako."

Hapo ndipo alipojua kuwa msichana yumo chumbani. Alikuwa amesimama nyuma yake muda wote.

"Ni grafu ya maji yakichemka, Shangazi," binti alisema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Ni mchoro wako wa Mwongozo. Ni bibi harusi."

Barua ya kustaafu ilitoka wiki ileile. Hakupewa hata chai ya kuagwa. Kile kiti kilitolewa nje kabla hajamaliza kufunga mkoba, na mhudumu aliyekibeba alisikika akisema kwamba nyani haoni kundule. Mwalimu wa kemia aligongewa muhuri siku hiyo hiyo. Ukuu wa chuo cha ualimu haukurudi. Alirudi darasani kwake na udaktari wake, na wanafunzi wakaendelea kumwiga akisema.

Binti alikikalia kiti kipya mpaka mwisho wa muhula. Kisha Mkuu akaita kikao kingine, akaeleza kwamba kazi ambayo kipofu aliweza kuifanya miaka bila kujulikana ni kazi isiyohitaji mtu. Maprofesa wakaona ni hoja nzuri. Ukaguzi wa sura ukafutwa, binti akapelekwa stoo ya vifaa kuhesabu rimu za karatasi, na mlango wa mwisho ukumbini ukaongezewa mafagio. Ingia leo maktaba yao, fungua tasnifu yoyote. Utaona viatu na peku vimechanganyika, grafu zimevutwa kama ngozi ya ngoma, namba huzisomi bila kioo cha kukuzia. Na wote ni madaktari.

Shangazi na binti bado wanakaa nyumba moja, kwa kuwa hakuna mwenye pa kwenda. Binti hupika, humwongoza mzee bafuni, humfulia. Gazeti hamsomei tena.

Wakati mmoja mwalimu wa kemia alipita akaacha zawadi, nakala ya tasnifu yake, imejaladiwa vizuri, ina majina ya shangazi na binti katika shukrani. Hakuingia ndani. Mama Rula aliipokea mapajani, akaifungua, akaanza kupitisha vidole juu ya kurasa. Enzi za baba yake, risasi ilikuwa ikiuma karatasi, na kipofu angeweza kujua mstari uko wapi. Karatasi hii ilikuwa laini kama sahani.

"Mwanangu," aliita. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kumwita. "Nitazamie sura ya nne. Michoro yake inaendana? Herufi?"

Binti alikuwa mlangoni, ameshika beseni la nguo.

"Ukishajua kuona utaliona, Shangazi," alisema, akatoka kwenda kuanika.

Mzee alibaki na kitabu. Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine, akiukwaruza kila mmoja kwa ukucha, taratibu, tangu juu hadi chini.